MKUTUBI SI MLINZI WA MLANGO

Ndugu wanachama,

Nina jambo moyoni tangu mkutano wa tawi wa mwezi uliopita. Mtu akikaa na jambo bila kulisema huwa kama behewa lililosahauliwa saidingi: laota kutu, tena lazuia nafasi ya wengine. Basi nalisema.

Mnaikumbuka ile barua iliyosomwa. Wafanyakazi wa maktaba ya chuo kikuu kimoja walituomba tuwaunge mkono kama wafanyakazi wenzao. Wakutubi wao walikuwa wakipewa siku moja katika kila wiki mbili ya kufanya utafiti juu ya kazi yao: vitabu gani vinasomwa na vipi havisomwi, kwa nini msomaji anakosa kitabu ambacho orodha inasema kipo, karatasi gani za zamani zimo ndani ya masanduku ambayo hayajafunguliwa. Wakubwa wao wakaifuta siku hiyo kwa waraka wa mistari minne. Walisema kazi ya mkutubi ni kukaa mezani, kupokea kitabu na kutoa kitabu, kwisha.

Katibu alipomaliza kusoma, mzee wetu mmoja wa karakana akasimama akasema, "Utafiti gani? Kitabu kiko rafuni. Msomaji amekuja. Mpe kitabu chake aende zake. Hawa wanataka siku ya kulala, na sisi huku migongo inavunjika." Watu wakacheka wakapiga makofi. Barua ikawekwa kando, tukaendelea na habari ya buti na makoti ya mvua.

Mzee wangu, nakuheshimu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika spana, na mkono wako umeokoa vidole vyangu zaidi ya mara moja. Lakini siku ile ulikosa, na sisi tuliocheka tulikosa pamoja nawe. Mimi nilicheka. Leo natubu mbele ya wote, na kwa heshima zote nakupinga.

NYUNDO NA GURUDUMU

Kazi yangu ni kukagua mabehewa. Nina nyundo, tochi na daftari. Mtu asiyejua reli akiniona natembea polepole kando ya gari la mizigo, nikigonga hapa na kuinama pale, adhani sina kazi. Abiria mmoja aliwahi kuniambia, "Wewe bwana, unalipwa kwa kutembea?" Sikumjibu. Gurudumu zima likigongwa hulia kama kengele ya kanisa. Gurudumu lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichovunjika. Kati ya sauti hizo mbili kuna maisha ya dereva, na gadi, na kila mtu anayeishi kando ya njia.

Lakini kugonga peke yake hakutoshi. Ninachokisikia ninakiandika. Leo beringi la behewa hili limepata moto, kesho la behewa lile. Mtu akitazama siku moja moja ataona ajali za bahati mbaya. Mtu akikaa akayapanga madaftari ya miezi sita mezani, ataona kwamba mabehewa yote yaliyopata moto yalitiwa grisi mahali pamoja, au yalipita mteremko mmoja yakiwa na mzigo wa namna moja. Hapo ndipo ugonjwa unapopata jina, na fundi anajua pa kuanzia.

Ndugu zangu, huo ndio utafiti. Si neno la kutisha, wala si mali ya watu wenye majoho. Ni kuuliza swali moja, kuhesabu kwa uaminifu, kuandika ulichokiona hata kama hakikupendezi, kisha kumwonyesha mwenzako hesabu yako aipinge kama anaweza. Mimi nimeishia darasa la nane katika shule ya misheni, na mwalimu wetu wa dini alitufundisha habari za Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kupiga kelele za ujenzi. Aliondoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta zilizobomoka, akaona lango gani limeungua na mahali gani mnyama aliyempanda hapiti. Baada ya hapo ndipo alipowaita watu akawaambia, haya, tujenge. Wako wajenzi wengi waliovuka hatua hiyo ya usiku, na kuta zao tumeziona zikianguka.

Sasa kama mkaguzi wa mabehewa anahitaji daftari, kwa nini mtu anayetunza vitabu laki moja au zaidi asilihitaji?

BEHEWA LISILORUDI

Nitawapa mfano ambao kila mtu wa reli ataushika mara moja.

Kaskazini ya Uingereza kuna mji uitwao Lancaster, na chuo kikuu chake kilifunguliwa 1964. Wanafunzi wa hapo walikuwa na malalamiko ambayo hata wetu wanayo: mtu anakwenda maktaba, anaona katika orodha kwamba kitabu kipo, anakwenda rafuni, hakipo. Kimeazimwa. Anarudi wiki ijayo, bado. Anachoka, haji tena.

Bwana mkubwa wa kawaida angesema, tununue vitabu vingi zaidi. Au angesema, wanafunzi hawa ni wavivu. Wakutubi wa Lancaster hawakusema hivi wala hivi. Walikaa wakahesabu. Mmoja wao alikuwa Michael Buckland, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya kazi hiyo, kikatolewa 1975. Waliona mambo mawili. La kwanza, wasomaji wengi wanavigombania vitabu vichache, na hivyo vichache ndivyo visivyokuwapo kamwe. La pili ndilo tamu. Waliona kwamba mtu aliyeazima kitabu hukirudisha karibu na siku ya mwisho aliyopewa, iwe ni muda mfupi au mrefu. Ukimpa wiki moja, atakirudisha wiki ikiisha. Ukimpa miezi mitatu, kitakaa kwake karibu miezi mitatu, ingawa labda alikisoma kwa jioni mbili tu.

Je, ninyi watu wa mizigo, hamkuisikia habari hii mahali pengine? Mpe mteja behewa kwa siku mbili, atashusha mzigo wake siku ya pili jioni. Mpe siku kumi, behewa litakaa saidingi siku tisa likiwa ghala lake la bure, na siku ya kumi atatafuta vibarua mbio mbio. Nasi stesheni tunalia kwamba mabehewa hayatoshi! Yanatosha. Hayarudi.

Basi mwaka 1969 maktaba ile iliamua hivi: kitabu kinachotakwa sana kitaazimwa wiki moja tu, na kisichotakwa sana kitaazimwa muda mrefu. Tena vile vinavyogombaniwa zaidi ziongezwe nakala. Ikawaje? Wanafunzi wakaanza kuvikuta vitabu rafuni. Walipoona kwamba wakienda hawarudi mikono mitupu, wakazidi kwenda, na uazimaji ukapanda sana, hata maktaba ikabidi ikimbizane na kiu iliyoiamsha yenyewe. Nyumba haikujengwa upya, wala rafu hazikuongezwa kwa mamilioni. Dawa kubwa ilikuwa kubadili tarehe inayopigwa muhuri ndani ya kitabu. Lakini tarehe hiyo isingejulikana kama wakutubi wangekuwa wamefungwa mezani kutoka asubuhi hadi jioni, wakipokea na kutoa, kwisha.

Mzee wangu, ulisema, "Mpe kitabu chake aende zake." Maneno mazuri hayo. Lakini kitabu hakipo. Ndiyo habari yenyewe.

GRISI YA BRADFORD

Nina mfano wa pili, nao unanuka karakana kabisa.

Mwaka 1934 mkutubi mmoja wa London jina lake Samuel Bradford, aliyeongoza maktaba ya jumba la makumbusho ya sayansi, alitoa hesabu yake katika gazeti la mainjinia. Alitaka kujua: makala juu ya jambo moja huandikwa katika majarida mangapi? Mojawapo ya mambo aliyoyachagua lilikuwa grisi na oili, yaani namna ya kulainisha vyuma visilane. Naam, chakula cha kila siku cha karakana yetu! Alipata makala 395 katika majarida 164. Kisha akayapanga majarida kwa mavuno yake. Majarida 8 tu ya kwanza yalitoa makala 110. Yaliyofuata 29 yalitoa 133. Na yale 127 yaliyobaki, yote pamoja, yalitoa 152.

Tazameni. Majarida manane yalibeba zaidi ya robo ya elimu yote aliyoikuta juu ya grisi. Na kipande kikubwa kingine kilitawanyika katika majarida zaidi ya mia, moja hapa, mbili pale, ndani ya kurasa ambazo mtu wa grisi asingefikiri kuzifungua. Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kama fedha ni kidogo, jua yale manane, uyalipie kwanza. Na kama una yale manane peke yake, usijidanganye kwamba umemaliza.

Hilo si la Wazungu wa zamani tu. Majarida ya wataalamu leo yanauzwa bei ya kutisha, nayo mengi husomwa kwa kompyuta. Maktaba za Kenya ziliona mwaka 2003 kwamba kila moja ikienda sokoni peke yake itanyonywa, zikaunda umoja wao ili zipatane bei na kugawana gharama. Ninyi wenyewe mnajua dawa hiyo, maana ndiyo iliyotufanya tuwe na chama. Lakini umoja unaokwenda kupatana bei bila kujua unataka nini utauziwa gunia la makapi. Ni nani atawaambia, jarida hili wanafunzi wetu wanalisoma, na hili halijafunguliwa tangu tulipie? Muuzaji? Muuzaji ana hesabu yake, na ameiandika kwa faida yake. Mkutubi lazima awe na hesabu ya kwake.

HOFU YETU, TENA NI HOFU YA HAKI

Sasa nasikia mwanachama mwingine akininong'onia: "Ndugu, hujui hatari. Leo wanahesabu vitabu, kesho watahesabu watu. Kila mara alipokuja mtu na saa na karatasi kutupima kazini, mwisho wake majina yalibandikwa ukutani."

Sikatai. Nimeyaona, na kovu lake bado tunalo. Hata katika mambo ya maktaba jambo hilo limetokea. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, palifanywa utafiti mkubwa ulioongozwa na Allen Kent, matokeo yakachapishwa 1979. Waliyafuata maisha ya vitabu vilivyonunuliwa 1969, wakaona kwamba hadi 1975 karibu asilimia 40 vilikuwa havijaazimwa hata mara moja. Asilimia 40! Ni kama kununua mabehewa kumi na manne kati yake yasitoke getini.

Habari hiyo ilizusha kelele. Maprofesa wengi walikasirika. Walisema kitabu si mkate, hakichachi kwa kukaa miaka sita, na kwamba mtu anaweza kukisoma humo humo maktabani bila kukiazima. Walisema pia kwamba kitabu kinachosubiri msomaji mmoja kwa miaka ishirini huenda ndicho kitakachomfaa kuliko vyote. Walikuwa na haki ya kusema. Hesabu ile ingeweza kuwa panga mikononi mwa mhasibu yeyote anayetafuta mahali pa kukata.

Lakini tazameni mabishano yale yalikuwa juu ya nini. Yalikuwa juu ya hesabu iliyo wazi, ambayo kila mtu aliweza kuisoma, kuipima na kusema hapa umekosa. Wapinzani waliweza kupinga kwa sababu palikuwa na kitu cha kupinga. Mkubwa asiyefanya utafiti naye hukata vile vile. Hukata gizani, hukata kwa waraka wa mistari minne, na huwezi kumbishia maana hakukupa kitu cha kushika.

Kwa hiyo jibu langu kwa hofu yetu ni hili. Hatari si kuhesabu. Hatari ni kumwachia mkubwa kalamu peke yake. Mfanyakazi anayeijua kazi yake kwa hesabu hana haja ya kuinama akisema "naomba." Husema "tazama hapa." Siku wakutubi watakaponyimwa utafiti wao, msidhani kuhesabu kutakoma. Kutafanywa na mtu wa kukodiwa kutoka nje, ambaye hajawahi kumwona mwanafunzi akilia kwa kukosa kitabu usiku wa kuamkia mtihani.

SANDUKU LA BABU

Nimefika mahali ambapo sitazungumza habari za Lancaster wala London. Nitazungumza ya kwetu.

Mnamjua Makhan Singh, au yafaa mumjue. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi wa reli. Mwana akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kuanzia 1935, akikataa kwamba Mhindi na Mwafrika wadai mishahara yao kila mtu kivyake. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walikuwa miongoni mwa waliounda muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki. Mei 1950 alikamatwa, akafungiwa mbali huko kaskazini asionane na watu, hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja! Alitoka akaandika historia ya vyama vyetu hadi 1952. Kitabu hicho kilitoka 1969, na kingine juu ya miaka iliyofuata kikatoka 1980, baada ya yeye kufa.

Aliweza kuandika kwa sababu alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Barua, kumbukumbu za mikutano, matangazo ya migomo, yote aliyaweka. Karatasi zake leo zimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtu akitaka kujua mfanyakazi wa Kenya alidai nini kabla ya sisi kuzaliwa, na alijibiwa nini, huko ndiko kwenye kisima.

Lakini kisima bila kamba ni nini? Karatasi elfu ndani ya masanduku ni karatasi tu, mpaka akae mtu azisome moja moja, ajue huyu aliyetia sahihi ni nani, barua hii inajibu barua ipi, tarehe iliyofutika ni ya mwaka gani, kisha aandike orodha ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata. Kazi hiyo haifanywi huku mtu akipiga muhuri na kusema "anayefuata." Ni utafiti, tena mgumu. Ndiyo maana Afrika ya Mashariki ilifungua shule ya ukutubi Makerere mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha kitivo chake cha elimu hiyo mwaka 1988. Hakuna anayefungua kitivo cha kufundisha kukaa mlangoni.

Sasa niwaambie yangu. Mwaka juzi nilitumwa na tawi kutafuta kumbukumbu za zamani za wafanyakazi wa njia, ili tuandike ukurasa wa ukumbusho. Nilikwenda katika maktaba ya chuo fulani, sitakitaja, siku yangu ya mapumziko. Orodha ilisema sanduku lipo. Kijana wa mezani alikwenda, akarudi, akasema halipo. Nilirudi mara ya pili, halipo. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza hasira, nauli yangu imekwisha. Ndipo mama mmoja mkutubi akaniita pembeni. Akasema, "Kaka, rudi baada ya mwezi. Naifanyia utafiti chumba kile kizima."

Nilimdharau moyoni, nakiri. Lakini nilirudi. Mama yule alikuwa amepita rafu kwa rafu na daftari, katika siku ile ile ya utafiti wanayoililia leo. Alikuta kwamba miaka mingi nyuma masanduku yalihamishwa chumba, yakapewa namba mpya, na hakuna aliyeiambia orodha. Karatasi hazikupotea. Zilipotezwa na namba. Na kosa hilo halikuwa la sanduku langu tu, lilikuwa la chumba chote. Kila aliyekuja kabla yangu akaambiwa halipo, alikuwa amesimama hatua thelathini kutoka mahali lilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliiona methali hiyo kwa macho.

Ndani ya sanduku palikuwa na karatasi ya michango, imekunjika, imeandikwa kwa penseli. Wafanyakazi wa gangi moja walikuwa wamechangia mfuko wa kuwasaidia wenzao waliofukuzwa kazi. Jina la saba lilikuwa la babu yangu mzaa baba. Mbele yake: senti hamsini. Hajui kuandika, kwa hiyo pameandikwa jina na mtu mwingine na pembeni pana alama ya kidole chake.

Nyumbani kwetu hatuna picha ya babu. Alikufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeambiwa tu kwamba alikuwa mtu wa reli na mtu mkimya. Nilikaa pale nikaitazama alama ile ya kidole mpaka mama mkutubi akaniletea kiti, maana nilikuwa nimesimama wakati wote.

Katika Kitabu Kitakatifu mna habari za mfalme aliyekosa usingizi, akaamuru asomewe kitabu cha kumbukumbu. Ndipo ikaonekana kwamba Mordekai aliwahi kuokoa maisha yake na hakupewa kitu. Mordekai alipata haki yake kwa sababu mtu aliandika, mwingine akatunza, na mwingine akajua pa kufungua. Ondoeni mmoja wa watu hao watatu, Mordekai amesahauliwa. Sisi tunao walioandika, tunao na waliotunza. Sasa waraka wa mistari minne unamwondoa yule wa tatu, na sisi tunapiga makofi!

MAKAPI YAPO

Sitaki mseme nimewapamba wakutubi kama maharusi. Makapi yapo. Wako wanaofanya utafiti wa kupandia cheo tu. Wanagawa karatasi za maswali kwa watu hamsini, wanaandika kwamba wasomaji wanataka huduma bora, kana kwamba yuko anayetaka huduma mbaya, kisha wanalipa kijarida cha njaa kiwachapishie. Utafiti huo hauokoi dakika moja ya msomaji. Wakutubi wenzetu wautupe wenyewe kabla hatujawaambia.

Lakini ndugu, kwa sababu yuko mkaguzi anayetia sahihi daftari bila kugonga gurudumu, tufute ukaguzi? La, hasha. Tunamrudi yule mkaguzi, na nyundo tunaibakiza.

Alikuwako mwalimu wa hesabu huko Madras, Uhindi, jina lake Ranganathan, aliyepewa ukutubi wa chuo kikuu mwaka 1924. Kazi ilimchosha mno kwa kukaa bure, hata akaomba arudishwe darasani. Wakampeleka London kwanza akasome. Huko alizunguka maktaba nyingi akiuliza kwa nini hii inafanya hivi na ile vile. Akarudi mtu mwingine, na mwaka 1931 akatoa kitabu chenye kanuni tano ambazo wakutubi duniani wanazijua hadi leo. Moja yao yatuhusu sana sisi watu wa zamu: kwamba maktaba inapaswa kuutunza wakati wa msomaji usipotee bure. Nani anauona uchungu wa wakati kuliko mtu mwenye siku moja ya mapumziko kwa wiki? Mwenye gari na nafasi aweza kurudi mara nne. Mtoto wa mfanyakazi anayesoma chuo kikuu huku akifanya kibarua jioni, akikosa kitabu mara mbili, amekosa mtihani. Utafiti wa mkutubi ni mali yake yeye kwanza.

TUFANYEJE?

Basi nataka mambo matatu yaletwe katika mkutano ujao.

Kwanza, ile barua itolewe kabatini isomwe upya, nasi tujibu kwamba tawi letu linaunga mkono wakutubi warudishiwe siku yao ya utafiti, ndani ya saa za kazi na kwa mshahara kamili. Kazi inayofanywa usiku nyumbani kwa sababu mkubwa ameikataa mchana ni kazi isiyolipwa, na chama hakiwezi kuinyamazia.

Pili, tuwaambie wazi na wao watupe ahadi: matokeo ya utafiti wao yabandikwe mahali ambapo hata mfagiaji wa maktaba atayasoma, kwa lugha anayoielewa, na yule kijana wa mezani ahesabiwe miongoni mwa watafiti, maana ndiye anayesikia "halipo" mara mia kwa siku.

Tatu, sisi wenyewe tutazame kabati la ofisi ya tawi. Nimelifungua juzi. Kuna kumbukumbu za mikutano zilizoliwa na panya, na risiti zimefungiwa ndizi. Tukimcheka mkutubi, tuanze kwa kujicheka. Namwomba mama yule aje Jumamosi moja atuonyeshe namna ya kuzipanga, na chama kimlipe nauli.

Mzee wangu wa karakana, najua utasimama tena. Simama. Nipinge mbele ya wote, ndiyo kazi ya mkutano. Lakini kabla ya kusimama, nina karatasi ya kukuonyesha, nakala ya ile iliyotoka sandukuni. Jina la saba ni la babu yangu. Jina la kumi na moja nimelisoma mara nyingi kwa wasiwasi, kisha nikaenda kumwuliza mama mkutubi, akalinganisha na karatasi nyingine akanihakikishia. Ni la baba yako. Alitoa shilingi nzima.

Umoja ni nguvu.

Ndimi ndugu yenu,
Mkaguzi wa Mabehewa